Matundu Mawili Mgongoni

Kwa mujibu wa jalada, aliyemuua marehemu alikuwa marehemu mwenyewe. Moyo wake ulisimama kwa hiari yake, bila kushauriwa na mtu, dakika chache baada ya kupigwa na bastola ya umeme ya polisi, na mambo hayo mawili, jalada lilisisitiza, hayakuwa na undugu wowote.

Inspekta alisoma kurasa zote nne akiwa amesimama, kwa kuwa Mkuu wa Kituo hakumwambia akae. Wazazi wa Inspekta walimpa jina zuri lakini kituo kizima kilimwita Kupe. Akishaganda kwenye jambo, habanduki mpaka amepata alichokifuata.

"Umemaliza?" Mkuu aliuliza.

"Kusoma nimemaliza, Afande. Kuelewa bado."

"Hakuna cha kuelewa. Tulikuwa kwenye msako. Watu wote wakaambiwa wachuchumae, huyu kijana akakimbia. Konstebo akampiga na Nyigu mgongoni, mara moja, sekunde tano, sawasawa na mafunzo. Mfukoni akakutwa na vidonge vya moyo. Vya moyo, Inspekta! Mtu mwenye moyo mzima anatembea na vidonge vya moyo vya nini? Mapambo?"

Nyigu lilikuwa jina walilolipa silaha ile. Hutema vishale viwili vyenye nyaya, na vikishanasa, umeme hupita na misuli ya mtu hukaza kama ubao. Kitabu cha mafunzo kilikuwa na mchoro wa mwanadamu wa rangi mbili: mgongo na mapaja kijani, yaani piga hapa, kifua chekundu, yaani ole wako, hapo ndipo moyo unapoishi. Mchoro huo ulibandikwa hata kwenye mlango wa choo cha askari, kwa upande wa ndani, mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kudai kuwa hakupata muda wa kuutazama.

"Basi mimi naitiwa nini, Afande?"

"Dada yake amekataa kusaini fomu ya mochwari. Hasaini, mwili hautoki. Mwili hautoki, jalada halifungwi. Leo ni siku ya saba, na saa tisa alasiri halmashauri watakuja kuuchukua wakauzike kama mwili usio na wenyewe. Nenda kamshawishi. Una uso wa mama."

"Asante, Afande."

"Sikuwa nakusifu."

Dada wa marehemu alikuwa kwenye benchi la korido ya mochwari, bado kavaa sare yake ya ulinzi, kofia imelala gotini. Alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda cha sabuni. Mtu ambaye kazi yake ni kuwaambia madereva wa malori "rudi nyuma" kwa saa kumi na mbili kwa siku hashawishiki kirahisi, na Inspekta aliling'amua hilo kabla hajaketi.

"Umetumwa," alisema dada yule.

"Nimetumwa."

"Wewe wa nne. Wa kwanza alinipa pole, wa pili akanipa kalamu, wa tatu akanitisha. Wewe umeleta nini, mama?"

"Maswali."

"Angalau hayo ni mapya. Keti."

Inspekta akaketi. Fomu ilikuwa imekunjwa mara nne. Kwenye mstari wa sababu ya kifo palikuwa na maneno matatu: ugonjwa wa moyo.

"Alikuwa anaumwa moyo, mwanangu?"

"Nani? Yule? Juzi juzi tu kabeba injini na mwenzake mmoja, wakatembea nayo mtaa mzima, na bado akapata pumzi ya kunitania mimi natembea kama bata. Anayeumwa moyo ni mama yetu. Vidonge ni vya mama. Kila mwezi alikuwa anamchukulia kliniki, siku ile alipita kuvichukua asubuhi. Jina la mama limeandikwa juu ya pakiti."

"Jalada halitaji jina."

"Ndiyo hivyo. Kwa hiyo mama anaumwa, mtoto ndiye anakufa kwa ugonjwa huo. Ukoo wetu una upendo sana." Alivaa kofia, kisha akaivua tena. "Nisikilize. Nikisaini hapa, nimekubali kwamba hakuna aliyemgusa. Nikirudi nyumbani mama ataniuliza, mwanangu amekufa na nini, nami nitamjibu: na ugonjwa wako. Hilo sitasema. Wakitaka kumzika bila mimi wamzike, nitalala mbele ya gari lao. Malori nimeyazoea."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo.

"Usisaini," alisema. "Usinyanyuke hapo. Nitarudi kabla ya saa tisa."

Dada yule alimtazama kwa mashaka ya mlinzi anayeambiwa na mgeni kwamba kitambulisho amekisahau nyumbani. "Wa nne," alisema, "ndiye wa kwanza kuniambia hivyo."

Ghala la silaha lilikuwa chini ya ngazi za kituo, na mtunzaji wake alikuwa sajini mzee waliyemwita Babu Funguo. Alitembea akilia kama ng'ombe mwenye kengele. Ndiye aliyetunza silaha, ndiye aliyetunza vielelezo, na ndiye aliyetunza daftari, na katika vitu hivyo vitatu alichokipenda kwa dhati kilikuwa daftari.

Kila Nyigu ilikuwa na kumbukumbu tumboni. Ukibonyeza kifyatuo, yenyewe huandika siku, saa na idadi ya sekunde, na kompyuta ya ghala huisoma. Babu Funguo alitoa karatasi ya Nyigu namba saba, ile aliyopigwa nayo marehemu, kabla hata hajaulizwa, jambo ambalo Inspekta hakulipenda. Mstari ulikuwa mmoja tu: saa nne na dakika arobaini na mbili, sekunde tano.

"Hii ndiyo yote, Babu?"

"Yote."

"Ya siku nzima?"

"Ya siku nzima, dada. Unataka nikuongezee chumvi?"

Inspekta aliiweka karatasi mezani kwa huzuni kubwa. "Basi nasikitika. Sikulijua hilo."

"Lipi?"

"Kwamba siku ile hukuzijaribu."

Funguo zilinyamaza. Kanuni ilisema kila asubuhi, kabla askari hajakabidhiwa Nyigu, mtunza ghala ailize hewani kwa sekunde moja kuhakikisha ni nzima. Babu Funguo alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja, Krismasi na Idi, mvua na jua, na mara moja akiwa na jino limevimba.

"Mimi?" alisema. "Nisijaribu? Mimi?"

"Si mimi ninayesema. Karatasi ndiyo inayosema."

"Lete hapa!" Hakungoja aletewe. Alivuta daftari, akalamba kidole, akafungua, akausimika ukucha kwenye mstari. "Soma. Wewe si umesoma? Soma kwa sauti!"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyigu namba saba. Sekunde moja. Imelia vizuri."

"Imelia vizuri!"

"Naona, Babu. Daftari lako linasema ililia. Karatasi yako inasema haikulia. Mmoja kati yao ni mwongo, na mimi siwezi kulisingizia daftari."

Ulikuwa mtego mdogo tu, wa kitoto, na mzee aliingia kwa miguu yote miwili. Alikaa juu ya sanduku la risasi.

"Niliipata imeshachapwa," alisema kwa sauti ya chini. "Imetoka juu."

"Juu wapi? Ghala lako liko chini ya ngazi, kila kitu kiko juu."

"Usinifanye nitamke, dada. Alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kompyuta hii, akanitoa nje nikamnunulie maji. Niliporudi karatasi ilikuwa mezani. Akasema, akija mtu mpe hii."

"Na namba saba yenyewe?"

"Iko kabatini. Kumbukumbu yake haifutiki. Walitaka kuifuta mwaka juzi wakashindwa, wakaishia kuunguza waya."

"Ichape sasa hivi, mimi nikiona."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Na daftari lako limebakiza miaka mingapi ya kuitwa mwongo?"

Babu Funguo alisimama. Alifungua kabati, akaiunganisha Nyigu kwa waya, akabofya, na printa ikakohoa kama mgonjwa aliyelazimishwa kuamka. Karatasi ilitoka na mistari mitatu. Saa kumi na mbili na nusu, sekunde moja. Saa nne na dakika arobaini na mbili, sekunde tano. Dakika ile ile tena, sekunde kumi na saba.

"Inajizima yenyewe kwenye sekunde ya tano," alisema mzee. "Ili ifike kumi na saba, lazima mtu awe ameng'ang'ania kifyatuo. Asiachie."

Inspekta aliinua macho kwenye saa ya ukutani na kuufuata mshale mwembamba. Hakuhesabu kwa sauti. Mzee aliutazama pamoja naye, na ulipofika kwenye sekunde ya tisa akageuza uso wake ukutani. Mshale uliendelea kwenda. Ulikwenda kwa muda mrefu sana.

"Saini hapa," alisema Inspekta ulipofika. "Kwamba umechapa wewe, leo, saa hii."

Mzee aliandika jina lake lote, pamoja na la katikati ambalo kituoni hakuna aliyewahi kulisikia.

"Sasa nipe mavazi ya marehemu."

Yalikuwa kwenye mfuko wa karatasi ya kaki wenye lebo: koti la kazi, bluu, mikono mirefu, matundu mawili, upande wa nyuma. Alilitandaza mezani. Vifungo sita kwa upande mmoja. Kwa upande usio na vifungo, matundu mawili madogo, moja juu na jingine chini yake, shibiri moja na nusu. Hilo lilikubaliana na jalada. Vishale viliingia mgongoni, kijani ya mchoro, kila kitu sawa, kwaheri.

Kulikuwa na jambo moja tu. Upande wenye matundu ulikuwa umejaa ukungu wa rangi nyeupe kutoka kolani mpaka pindoni, matone juu ya matone. Upande wenye vifungo ulikuwa safi kama umetoka dukani.

"Babu, ukipaka rangi unatapakaa wapi?"

"Mbele, bila shaka."

"Huyu katapakaa mgongoni."

Babu Funguo alilitafakari kwa uzito unaostahili. "Labda hakuwa fundi mzuri."

Gereji ambako marehemu alikuwa akipaka magari rangi ilikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu, na Inspekta alitumia saba. Kwenye kibanda cha kupakia rangi kulikuwa na mafundi wawili waliovaa barakoa, wameinama juu ya boneti. Hakuhitaji kuuliza kitu. Alisimama mlangoni, akaitazama migongo yao, na kwenye kila mgongo akaona vifungo sita.

"Mbona makoti mmeyavaa kinyume?" aliuliza hata hivyo, kwa ajili ya jalada.

"Kinyume kwa nani?" alijibu msimamizi, mwanamke mwembamba mwenye nyusi zilizoota rangi ya fedha. "Mama, hapa watu wanalala juu ya magari. Kifungo kimoja kikigusa bodi, ni mkwaruzo, na mkwaruzo ni kuanza upya. Siku ya kwanza kabisa, kabla sijakuonyesha hata bomba la rangi, nakufundisha kuvaa koti. Vifungo nyuma. Mwenzako ndiye anakufunga."

"Na siku ile?"

"Nilimfunga mimi. Alitoka kwenda duka la pale kona kuchukua msasa, mlango wa gari ukiwa mbichi. Watu wa dukani wanasema askari walipomwambia achuchumae aliwageukia akawaambia, jamani, rangi inakauka. Basi. Hakukimbia popote. Mtu anakimbiaje ilhali gari lake liko huku?"

"Polisi walikuja kukuuliza hayo?"

"Si ndio umekuja? Wewe wa kwanza. Umechelewa wiki moja, lakini karibu."

Saa nane na nusu Inspekta alikuwa mbele ya daktari wa mochwari, mfuko wa kaki mkononi. Daktari alikuwa mpole, mchovu, na mwenye mwandiko mzuri kupita kiasi.

"Umeandika matundu mawili mgongoni. Uliyaona?"

"Polisi waliandika hivyo."

"Sijawauliza polisi. Mimi ndiye polisi."

Daktari alisugua macho. "Fomu yao ilitangulia. Kifuani hospitali walimbandika waya, wakamchoma sindano, wakampiga na mashine ya kushtua moyo. Kila alama niliyoiona pale niliihesabu kuwa ya kwao."

"Na mgongo?"

"Tulikuwa na miili kumi na mmoja siku ile."

"Daktari, ulimgeuza au hukumgeuza?"

"Sikumgeuza."

"Na moyo?"

Hapo daktari aliinua kichwa. "Moyo niliufungua. Mishipa safi, kuta nzima, kila vali inafunga. Moyo kama ule ningependa uwe wangu."

"Kisha ukaandika ugonjwa wa moyo."

"Walileta vidonge."

"Kwa hiyo moyo ulioushika kwa mikono yako ulikudanganya, pakiti ya mfukoni ndiyo ikasema kweli?"

Daktari alichukua glavu. Dada wa marehemu tayari alikuwa mlangoni.

"Ndugu haruhusiwi kuingia," alisema daktari.

"Mimi ndiye husema nani haruhusiwi kuingia," alisema dada. "Pisha."

Walimgeuza. Mgongo ulikuwa mzima, hauna tundu, hauna alama, hauna hata mchubuko. Walimrudisha chali. Inspekta alilitandaza koti juu yake jinsi msimamizi wa gereji alivyomvalisha, vifungo nyuma, kola shingoni. Daktari alipitisha ncha ya kalamu kwenye tundu la chini, akainua kitambaa: kidonda kidogo cha duara, juu kidogo ya kitovu, kimezungukwa na pete ya kahawia ya kuungua. Akapitisha kwenye tundu la juu. Kalamu ilitua kushoto, vidole vitatu kutoka mfupa wa kifua, mahali ambapo, katika mchoro wa mlango wa choo, wekundu huwa mzito kuliko kwingine kote.

Dada aliweka kiganja chake pale, akakiacha.

"Siwezi kuandika kwamba umeme ndio uliomuua," hatimaye alisema daktari. "Kitaalamu watanibishia. Watengenezaji wana mawakili wengi kuliko vishale. Watasema ni hofu, watasema ni joto, watasema alikunywa chai kali."

"Sikuombi uandike usichokijua. Andika ulichokiona, na muda uliosomwa kwenye mashine." Inspekta alimpa karatasi ya mistari mitatu.

Daktari aliisoma, akarudia mstari wa tatu. Kisha akavuta fomu mpya, na mwandiko ule mzuri ukaanza kutembea. Moyo haukuwa na ugonjwa. Vidonda viwili vya vishale, tumboni na kifuani, cha pili juu ya moyo. Umeme ulipita jumla ya sekunde ishirini na mbili. Alianguka hapo hapo na hakuamka. Sababu nyingine ya moyo kusimama haikuonekana.

Simu ya Inspekta iliita. Alipokea bila kutoka chumbani.

"Amesaini?" Mkuu aliuliza.

"Bado, Afande. Fomu imebadilika."

"Imebadilika na nini?"

"Tumemgeuza marehemu."

"Nani kakuruhusu? Toka huko mara moja, lete hilo jalada, na kesho asubuhi ujue utakuwa makutano ya barabara ukiongoza magari!"

"Makutano yapi, Afande? Ili nijue viatu vya kuvaa."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Jina lako nimeshaliandika kwenye jalada, pamoja na siku uliyokaa kwenye kompyuta ya ghala. Sijaamua tu nikuweke ukurasa wa mashahidi au ule mwingine. Nitapita jioni unishauri."

Alikata yeye, akairudisha simu mfukoni.

Nje, gari la halmashauri lilisimama. Watu wawili wenye machela walichungulia, na daktari akawaambia wasubiri. Dada wa marehemu alikuwa akiisoma fomu mstari kwa mstari, akifuata kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akaisoma tena. Kisha akaiweka mezani na kunyoosha mkono apewe kalamu. Alisaini polepole, herufi baada ya herufi, akapuliza wino ukauke.

"Sasa naomba nakala yangu," alisema.

"Mashine ya nakala imeharibika," alisema daktari. "Fomu itapelekwa kituoni, halafu ukiomba kwa barua..."

"Kituoni?"

Daktari alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akiisoma kwa makini sana orodha ya dawa ya kusafishia sakafu iliyobandikwa ukutani.

Dada alivuta kiti cha daktari, akakikalia, akavaa kofia yake na kuinyoosha vizuri. Kisha akaisukuma fomu tupu kwa kidole kimoja mpaka ikafika chini ya kalamu.

"Iandike ya pili," alisema. "Yote, kama hiyo. Mimi sina haraka."

Mlangoni wale wa machela waliiweka chini. Daktari, akiwa amesimama, aliinama mezani na kuanza tena kutoka mstari wa kwanza: moyo haukuwa na ugonjwa.